Shilingi ya Berega Inalala Wapi?

Basi la Dodoma likisimama njia panda ya Berega, wa kwanza kushuka ni utingo, na wa pili ni ndoo. Mgonjwa hufuata, kichwa amekifunga kanga, nyuma yake msindikizaji mwenye chupa ya chai na kifurushi cha sufuria, maana kwenye hospitali ya misheni ndugu ndiye mpishi. Bodaboda wanawazunguka. Aliyebahatika kupata abiria anachomoa chupa ya maji iliyojaa petroli, anamimina kidogo kwenye tenki, anaisokomeza chupa chini ya kiti, na safari inaanza.

Katika kila lita ya petroli hiyo mna shilingi 100 ambazo, tangu Julai 2021, hukatwa kwa ajili ya barabara zinazosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kijana wa bodaboda hana mwajiri wala hati ya mshahara, na siku ya bajeti hakai karibu na redio. Kodi analipa vilevile, na analipa kabla hajaishika nauli ya kwanza.

Mjadala wa kodi na ajira ungeanzia hapo ungekuwa na maana zaidi. Kila Juni, Waziri wa Fedha akisimama bungeni Dodoma, wachambuzi hushika kalamu wakahesabu makato ya mshahara, misamaha ya wawekezaji na asilimia za pato la taifa. Bajeti ya 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, iliyofuata ikafika trilioni 56.49. Namba za ukubwa huo zikifika wilaya ya Kilosa, iliko Berega, huwa hazina mtu ndani yake. Swali la Berega ni dogo, na ni gumu zaidi: shilingi ikitoka serikalini, usiku wa kwanza inalala kwa nani? Na serikali ikirudi kuichukua, inamkuta nani njiani?

Ukaguruni, nchi ya Wakaguru iliko Berega, kodi iliwahi kuzalisha ajira kuliko mwekezaji yeyote, na hakuna aliyeishangilia. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini, hawakuwa na haja ya kujaza hazina peke yake. Rupia haioti shambani. Mwenye mtama wake na mbuzi wake alilazimika kumtafuta mwenye rupia, na mara nyingi mwenye rupia alikuwa mzungu wa shamba au wa reli, ile reli ya kati iliyofika Morogoro mwaka 1907 na kuendelea kupanda kupitia Kilosa. Waingereza walipoichukua nchi wakaendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa. Mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na kandokando ya reli yakawa na watu wa kukata. Manamba walitoka mbali, lakini na wenyeji nao walijikuta kwenye mistari ya mkonge kwa sababu karani wa kodi alikuwa njiani anakuja.

Ilikuwa sera ya ajira, na ilifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Miaka ya mwanzo ya uhuru Tanganyika ilikuwa kinara wa mkonge duniani, tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na vichaka vikameza mistari. Kazi ikaondoka. Kodi ya kichwa nayo ilifutwa, ikaja kurudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na hadi ilipofutwa mwaka 2003 wanaume wa vijijini waliendelea kukimbilia porini wakisikia mgambo wameingia. Hesabu ya mkoloni ilikuwa imegeuka kichwa chini: kodi ipo, kibarua cha kuilipia hakipo.

Siku hizi hakuna anayekimbizwa ili akafanye kazi. Vijana wa Berega wanaitafuta wenyewe. Kwa hiyo upande wa pili wa bajeti, ule wa matumizi, ndio unaotazamwa zaidi, na mfano mzuri kuliko yote ni madarasa ya UVIKO.

Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilikubali kuikopesha Tanzania dola milioni 567 kukabiliana na athari za janga la UVIKO-19. Serikali ikazitangaza kama shilingi trilioni 1.3, na sehemu yake ikaelekezwa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa shilingi milioni 20. Lililoyafanya madarasa hayo kuwa habari ya ajira ni namna yalivyojengwa. Hakukuwa na mkandarasi mkubwa wa kutoka mjini. Ulitumika utaratibu ambao kila mwalimu mkuu anauita fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, zinaundwa kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi, na fundi anatafutwa hapo hapo.

Darasa moja la namna hiyo linafaa kutazamwa kwa karibu. Saruji, bati na nondo zinatoka Morogoro au Dar es Salaam, na fedha yake inalala huko. Lakini mchanga unachotwa mtoni, na anayeuchota analipwa kwa tripu. Kokoto zinagongwa na akina mama waliokaa kivulini na nyundo ndogo. Maji yanakuja kwa madumu juu ya baiskeli. Fundi mkuu ana saidia fundi wawili au watatu, na saa nne asubuhi wote wanamtazama mama ntilie anayetokea na beseni la chapati. Anayeuza chapati hakuajiriwa na serikali, wala hayumo kwenye kitabu chochote cha bajeti, ila siku darasa linapopauliwa na mafundi kuondoka, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Kasoro ilikuwa kwenye kalenda. Madarasa yote 15,000 yalitakiwa kukamilika mwezi Desemba 2021, ili Januari wanafunzi, hasa wa kidato cha kwanza, waingie kwa pamoja. Nia ilikuwa njema, na watoto walipata pa kukaa. Kwa upande wa kazi, hata hivyo, nchi nzima ilimtaka fundi yule yule katika wiki zile zile, na bei za vifaa vya ujenzi zikapanda. Huku Kilosa ni wakati mvua zinaanza na kila mwenye jembe anatakiwa awe shambani. Novemba fundi alikuwa bwana harusi. Februari amekaa kijiweni anacheza bao. Fedha zile zile zingegawanywa kwa misimu miwili, zikiukwepa msimu wa kupanda, madarasa yangekuwa yale yale na siku za kazi zingekuwa na faida kubwa zaidi kwa kaya. Mhasibu wa Hazina haoni tofauti hiyo kwa sababu kwenye vitabu vyake mwaka ni mmoja. Kwa mkulima mwaka una miezi ya kula na miezi ya kuhesabu.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wamelielewa hili mapema. Miradi yao ya ajira za muda, ambapo kaya maskini hulipwa ujira kwa kuchimba lambo, kupanda miti au kutengeneza barabara ya kijiji, imekuwa ikipangwa kwa siku chache za mwezi ili mtu apate nafasi ya kulima chake. Ujira wenyewe ni mdogo, na haupaswi kuwa mkubwa kiasi cha kumtoa mtu shambani. India walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya 2005 iliipa kila kaya ya kijijini haki ya kudai siku 100 za kazi kwa mwaka. Tanzania haijafika huko, na pengine haina uwezo huo kwa sasa.

Kutoka Berega kwenda mjini Kilosa, fedha za serikali zina sura nyingine kabisa. Huko ziko chini ya ardhi. Kipande cha reli ya kisasa kutoka Morogoro hadi Makutupora, kilometa 422, mkataba wake na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki ulitiwa saini mwaka 2017 kwa dola bilioni 1.92. Ili kuukwepa mto Mkondoa, ambao mafuriko yake ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliing'oa reli ya zamani na kuifunga kwa miezi, wahandisi walitoboa mahandaki kwenye milima ya Kilosa. Mashine, chuma na wataalamu vilitoka nje. Vijana wa Kilosa walipata vibarua vya kusuka nondo, kumwaga zege, kuendesha mitambo na kulinda usiku. Wenye nyumba walipangisha vyumba. Wauza mkaa hawakulala na mzigo. Julai 25, 2024 treni ya kwanza ya abiria ikaenda hadi Dodoma.

Baada ya hapo kambi zikafungwa.

Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Reli haijengwi milele, na faida yake ni ya miaka mingi ijayo. Lakini kijana aliyesuka nondo za handaki kwa miaka mitatu alirudi nyumbani akiwa na ujuzi ambao maelfu ya wahitimu wa vyuo hawana, na bila karatasi ya kuuthibitisha. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi anapimwa, anafundishwa alipopungukiwa, anapewa cheti. Gharama ya kumrasimisha mtu mmoja ni punje ukiilinganisha na dola bilioni 1.92. Ilistahili kuandikwa ndani ya mkataba tangu siku ya kwanza, kwamba hakuna kibarua atakayevuka geti kwa mara ya mwisho bila cheti mkononi.

Upande wa kusini wa wilaya, kwenye jimbo la Mikumi, ajira inategemea mstari mmoja wa ushuru wa forodha. Kata za Kidodi na Ruaha zinaishi kwa miwa ya kiwanda cha Kilombero, ambacho serikali inamiliki asilimia 25 na kampuni ya Illovo asilimia 75. Sukari inayoingia kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa kwa kawaida asilimia 100. Kukiwa na upungufu wa ndani serikali hutoa vibali na kushusha ushuru hadi asilimia 35. Kibali kikiwa kikubwa mno au kikichelewa hadi viwanda vimeanza msimu, mkata miwa wa Ruaha anakiona kwenye kibarua chake kabla mnywa chai wa Dar es Salaam hajakiona kwenye kikombe. Kikiwa kidogo mno, yanatokea ya mwanzo wa 2024: mvua za El Nino zilizamisha mashamba, viwanda vikasimama, na bei ya kilo ikaruka kupita shilingi 4,000 katika maeneo mengi. Mwaka huo huo Bunge likabadilisha sheria na kuiruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kuagiza na kuhifadhi sukari. Wenye viwanda hawakufurahi. Mlaji alipumua.

Nani yuko sahihi? Jibu la haki ni kwamba ushuru wa asilimia 100 ni mchango ambao kila mnywa chai nchini anautoa ili mtu wa Ruaha awe na kazi. Ni mchango unaoeleweka, kwa sharti kwamba aliyechangiwa anapanua kiwanda na kuongeza miwa ya wakulima wadogo. Kilombero wamejenga kiwanda kipya. Huko Mbigiri, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kilosa, mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF na Jeshi la Magereza wamejenga kiwanda cha Mkulazi, chenye uwezo wa tani 50,000 kwa mwaka, kilichozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Agosti 2024. Fedha za Mkulazi ni akiba za uzeeni za wafanyakazi. Mlinzi wa Kariakoo anayekatwa kila mwezi ameajiri, bila kujua, mkata miwa wa Mbigiri. Ana haki ya kuuliza kila mwaka kama kiwanda chake kinapata faida.

Tukirudi Berega, sehemu hii ya wilaya haina handaki wala kiwanda cha kutegemea. Ina mahindi. Kodi ya maendeleo ilipofutwa, halmashauri zilibaki zikiegemea ushuru wa mazao, na mageti yakaota barabarani kama uyoga. Kwa miaka mingi ushuru huo ulifika asilimia 5 ya bei. Sheria ya Fedha ya 2017 iliushusha hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikafuta kabisa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine.

Kifungu hicho cha tani moja kiliandikwa kwenye kona ya sheria, lakini kwa kijiji ni kikubwa. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Hayo ni mzigo wa guta, au wa gari dogo la kukodi, au wa mama anayekusanya debe mbili huku na tatu kule hadi apate cha kupeleka mnadani. Kwa mtu mwenye mtaji wa gunia saba, asilimia 5 na usumbufu wa getini vilitosha kumaliza faida yote. Kodi ikiondoka, ajira ya uchuuzi inazaliwa bila mtu kukata utepe. Vurugu huanza pale mkusanyaji wa geti anapojifanya hajasikia sheria, na hilo linatibiwa kwa bango kubwa lenye viwango, limesimikwa pale geti lilipo.

Ushuru huo huo wa mahindi unarudi kijijini kwa njia ya pili. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana vikipata mkopo hununua kile wanachokijua, pikipiki. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba bodaboda iliyomchukua mgonjwa njia panda imenunuliwa kwa ushuru wa mahindi ya jirani. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonyesha mabilioni yaliyokopeshwa bila kurejeshwa, na kwa vikundi ambavyo baadhi vilikuwa hewa. Ikarudi 2024 ikiwa na masharti mapya. Kusimamisha ilikuwa sawa. Kukaa zaidi ya mwaka bila kukopesha mtu yeyote, wakiwemo waliokuwa wanarejesha vizuri, ilikuwa adhabu kwa darasa zima kwa kosa la wachache.

Vipi kuhusu kodi zinazogusa ajira moja kwa moja, zile zinazotajwa zaidi bungeni? Zimepungua, na inafaa kusema hivyo. Tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwajiri hulipa juu ya mishahara, ilishuka hatua kwa hatua kutoka asilimia 6 hadi 3.5 mwaka 2023, na mwajiri mwenye watu wasiofika kumi ameondolewa. Mshahara usiozidi 270,000 haukatwi kodi. Ni hatua nzuri kwa Morogoro mjini na Dar es Salaam. Berega, ambako mwajiri mkubwa ni hospitali ya Kanisa Anglikana, inaziona kwa mbali. Tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 ndiyo iliyoigusa, kwa sababu wakala wa pesa yuko kila kijiwe. Watu walirudi kutumana noti kwa makondakta wa mabasi, na miezi miwili baadaye serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, ikaendelea kuilegeza.

Kenya wamejaribu njia tofauti. Tangu 2023 mfanyakazi wa huko hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho; Rais William Ruto ameitetea tozo hiyo zaidi kama mradi wa ajira kuliko wa nyumba. Lakini Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipoongeza mzigo mwingine, vijana wasio na ajira ndio waliojaa barabarani hadi ukaondolewa. Waliambiwa kodi ni kwa ajili yao. Wakajibu kwamba hawaioni.

Inabaki ajira ile ambayo mzazi wa Berega huitaja kwanza akiulizwa mwanawe atakuwa nani: ya serikali. Mshahara mmoja wa muuguzi kijijini hulipa kodi ya chumba, ada za watoto wa ndugu, daftari la dukani na kibarua wa kupalilia. Kima cha chini kwa watumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, na nyongeza ya namna hiyo ikifika kijijini haikai mfukoni. Ndiyo maana mwaka 2016, ajira mpya zilipositishwa ili kuwasaka watumishi hewa, kisha Aprili 2017 zaidi ya watu 9,900 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi, pengo lilionekana hadi kwenye maduka ya vijijini. Usafi ulihitajika. Lakini waliohitimu uuguzi na ualimu miaka hiyo walikaa, wakakaa, wengine wakanunua pikipiki.

Dirisha la maombi lilipofunguliwa mwaka 2022, nafasi 17,412 za walimu na watumishi wa afya ziliombwa na watu zaidi ya 165,000. Na mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato nayo ilipotangaza kazi, walioomba kazi ya kukusanya kodi walikuwa 135,027. Nafasi zilikuwa 1,596.